Asilimia Thelathini na Moja

Siku za likizo, kazi za asubuhi katika nyumba ile ziligawanywa hivi: mama alitangulia kutoka kwenda duka la dobi, ambako alikuwa mpiga pasi, kaka alitandika vitanda vyote vitatu, na binti mdogo wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, aliosha vyombo. Kila mtu alimwita Chapuchapu, na sina haja ya kukueleza sababu. Vyombo vya jana na vya leo alivimaliza kabla mama hajafika kwenye kona ya barabara.

"Chapu," kaka alisema siku moja akipitisha kidole ndani ya kikombe, "hiki umekiosha, au umekionyesha maji tu?"

"Nimekiosha!"

"Basi maji yenyewe yalikuwa yamelala."

Kaka alikuwa na miaka kumi na minane, na tangu utotoni hakuwa akiona. Nyumba aliijua kwa hatua: sita toka mlangoni hadi mezani, nne toka mezani hadi dirishani, na moja ndefu ya kuvuka viatu vya Chapuchapu, ambavyo siku zote vilikuwa mahali pasipo pao. Alikuwa kidato cha mwisho, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Vitabu vichache alivisoma kwa vidole, vile vya nukta nundu. Vilivyobaki alivisikiliza katika kompyuta kuukuu ya kukunja aliyopewa na shule. Ndani yake mlikuwa na programu iliyosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Sauti ilikuwa ya mwanamume aliyeziba pua, kwa hiyo nyumbani walimwita Bwana Mafua.

Bwana Mafua alisoma karibu kila kitu. Lakini kulikuwa na vibao vingine vilivyojitokeza kwenye kioo ambavyo vilimshinda, akanyamaza. Hapo kaka naye alitoa mikono kwenye vitufe, akaita, "Chapu! Kimeandikwa nini?" Chapuchapu alikuja, akamsomea neno kwa neno, toka juu mpaka chini, kisha kaka akaamua mwenyewe abofye wapi. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao tangu Chapuchapu alipojua kusoma. Hakukuwa na aliyeuandika ukutani, lakini haukuwahi kuvunjwa.

"Kitendawili!" kaka alipenda kumchokoza.

"Tega!"

"Nina macho mawili yanayotembea. Nikiyaita yanakuja, lakini yanakuja yakinuna."

"Ni mimi! Na sinuni!"

"Unanuna. Nasikia midomo ikivimba."

Jumatatu alasiri kaka alikuwa mezani akipanga masomo yake. Nje, wenzake Chapuchapu walikuwa wameshika kamba, na zamu yake ya kuruka ilikuwa inakaribia. Ghafla Bwana Mafua akanyamaza.

"Chapu! Kimeandikwa nini?"

Chapuchapu alikimbilia mezani na mguu mmoja wa kiatu mkononi. Juu ya kioo palikuwa na kibao kipana. Maneno makubwa yalisema, "Kompyuta yako ni nzito." Chini yake palikuwa na mistari kama kumi ya maandishi madogo kama sisimizi, na chini kabisa kitufe kikubwa cha kijani.

"Chapu we! Zamu yako inapita!" mtu alipiga kelele dirishani. "Usipokuja unafutwa!"

Chapuchapu akaitazama ile mistari kumi. Akalitazama dirisha. Akabofya kitufe cha kijani, na kibao kikaondoka.

"Hamna kitu," alisema. "Ni tangazo tu. Nimeliondoa."

"Umelisoma lote?"

"Lote."

"Haya, asante. Nenda kaanguke vizuri."

Akatoka mbio. Jambo lenyewe halikuchukua hata nusu dakika.

Jioni, alipokuwa anafuta meza, aliona kitu kipya kwenye kona ya kioo: picha ndogo ya roketi nyekundu. Bwana Mafua hakuisema roketi hiyo, wala kaka hakujua kuwa ipo. Chapuchapu alifanya alichoona wakubwa wakifanya wanapotaka kutupa kitu: aliivuta ile picha mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta, akaidondosha. Kona ikawa tupu. Akajiambia yameisha.

Jumanne asubuhi ikaja barua pepe kutoka maktaba ya vitabu vya sauti. Bwana Mafua aliisoma kwa pua yake yote, na kaka alisimama wima katikati ya kusikiliza.

"Vimetoka!" alipiga kelele. "Chapu, vimetoka! Historia, jiografia, biolojia na fasihi, vyote vinne! Nimevisubiri tangu mwaka jana!"

Lakini barua ilikuwa na mkia. Vitabu vyote vinne vilikuwa katika kifurushi kimoja kikubwa. Kifurushi hicho kingefunguka tu kwenye kompyuta ile iliyosajiliwa kwa jina la kaka, si nyingine. Tena maktaba ingezima mitambo yake Ijumaa saa sita mchana, kwa matengenezo ya mwezi mzima. Ambaye hatakuwa amepakua vitabu mpaka wakati huo angesubiri.

"Mwezi mzima!" Chapuchapu alisema. "Na mtihani?"

"Mtihani hausubiri mtu. Lakini hofu ya nini? Leo ni Jumanne."

Kaka akaanza kupakua. Bwana Mafua akahesabu, "Asilimia tano. Asilimia tisa. Asilimia kumi na mbili." Kisha akasema tena, "Asilimia kumi na mbili." Baada ya dakika moja, "Asilimia kumi na mbili."

"Ameng'ang'ania," kaka alisema, akacheka. Walingoja. Hesabu haikusogea. Mwishowe ikaja sauti, "Upakuaji umeshindikana," na kifurushi kikarudi sifuri, kwa sababu kilikuwa cha namna ile kwamba kikikatika kinaanza upya.

Mara ya pili kilifika asilimia ishirini na saba. Mara ya tatu nane. Mara ya nne thelathini na moja, nao wakashikana mikono wakidhani sasa kinakwenda, kumbe kimekwama palepale. Ajabu ni kwamba mambo madogo yote yalikwenda sawa. Barua pepe ziliingia. Kurasa zilifunguka. Alama ya mtandao pembeni ilionyesha vistari vyote. Ilikuwa ni kile kifurushi kikubwa tu.

Kaka alizima kompyuta akaiwasha. Alizima ruta, kile kisanduku cha mtandao chenye taa nne, akaiwasha. Aliihamisha toka juu ya kabati hadi mezani, toka mezani hadi dirishani, hata akaiweka juu ya kigoda katikati ya nyumba kama mgeni rasmi. Haikusaidia.

Mama aliporudi jioni, nguo zake zikinuka mvuke wa pasi, alikuta watoto wamekaa mbele ya kompyuta, wakamweleza yote. Alikunjua mikono yake miwili iliyochoka, akasema, "Wanangu, hapo mimi sijui chochote. Ingekuwa shati lina mikunjo ningesema." Hata hivyo alimsogelea mgonjwa, akaweka mgongo wa kiganja juu ya kompyuta, kama alivyowagusa wao paji la uso walipokuwa wadogo.

"Ina joto," alisema.

"Ndivyo ilivyo siku zote, mama," kaka alimjibu taratibu.

"Ah." Akauondoa mkono.

Jumatano walimwita jirani, muuza simu, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja, kwa kuwa alisema "niachieni mimi" hata kabla hajaambiwa tatizo.

"Niachieni mimi," alisema akiingia. Akaitikisa ruta. Akavuta waya wake, akaurudisha. Akaigonga mgongoni mara mbili.

"Meneja, hiyo si tikiti maji," kaka alisema.

"We bwana mdogo, vyombo vingine vinataka kushtuliwa." Akafungua ukurasa mmoja wa habari, ukafunguka. "Unaona? Mtandao upo, tena wa kutosha! Tatizo liko kwenu. Labda mnatumia watu wengi."

"Tuko wawili, na huyu mwenzangu hana hata simu."

"Basi ni kampuni ya mtandao. Inawabania." Meneja alijikuna kidevu. "Njooni kibandani kwangu. Wa kwangu haubaniwi."

Walikwenda. Kaka aliibeba kompyuta kifuani, fimbo yake nyeupe ikigonga ukingo wa barabara, na Chapuchapu alimshika kiwiko. Kibandani, katikati ya makava ya simu na waya za kuchajia, Bwana Mafua alihesabu mpaka kumi na tisa. Akaganda kumi na tisa.

Meneja alijikuna kidevu tena. Kisha akajitia kuita mteja aliyekuwa anapita.

Njiani Chapuchapu alianza kujumlisha mambo. Mtandao wa nyumbani umekwama, na wa Meneja umekwama. Basi ugonjwa hauko kwenye mtandao, uko ndani ya kompyuta. Na ndani ya kompyuta kuna kitu kimoja tu kipya, nacho alikijua yeye peke yake. Lakini si alikwisha kukitupa? Roketi haipo. Kisichokuwapo kitaharibu vipi? Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipojiambia, aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

"Umenyamaza," kaka alisema.

"Nimechoka."

"Pole. Umehangaika nami bure." Akamgusa bega.

Afadhali angempiga kofi.

Alhamisi ilikuwa siku ya simu. Waliipigia kampuni ya mtandao, wakasikilizishwa muziki mpaka wakaujua. Alipopatikana mtu, alisema mtandao wao hauna hitilafu. Wakampigia mwalimu. Mwalimu alisikitika, akapiga maktaba, akarudi akisema mitambo ni ya wakandarasi, maktaba haina mamlaka ya kuongeza hata saa moja. Wakaenda kwa fundi wa kompyuta, mbali kule karibu na stendi, wakakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: "Nina kazi hospitali. Kesho saa mbili."

Waliporudi, kaka alikaa mezani akaweka vidole juu ya vitufe bila kubofya. Alijaribu mara moja zaidi. Chapuchapu alisimama nyuma yake.

"Asilimia thelathini na moja," alisema Bwana Mafua. "Asilimia thelathini na moja. Asilimia thelathini na moja."

Kaka alipunguza sauti mpaka ikaisha. Hakukasirika, wala hakulalamika. Alikunja kompyuta polepole, akalaza viganja juu ya kifuniko chake. Chapuchapu alikuwa amemwona kaka yake akiumwa, akianguka, na akichekwa barabarani na watoto wasio na adabu. Lakini hakuwahi kumwona hivyo, kama mtu aliyeambiwa asubiri mahali ambapo gari halipiti.

"Wenzangu darasani wamekwisha kuvipata," alisema. "Mmoja yuko sura ya tano."

Chapuchapu alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi, yakageuka. Kwa kuwa sasa haikuwa tena habari ya kubofya. Angesema nini? Kwamba kwa siku tatu aliwatazama wakihamisha ruta, wakitembea juani, wakipiga simu, na yeye anajua? Kila siku aliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi ya jana yake. Akaenda kuosha vyombo. Siku hiyo aliviosha taratibu, kimoja kimoja, mpaka mama akauliza kama anaumwa.

Ijumaa mama aliomba ruhusa dukani, na saa mbili kasoro walikuwa mlangoni kwa fundi. Fundi alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani mbili: moja machoni na nyingine kichwani. Watu walimwita Fundi Miwani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chembamba. Ukutani zilining'inia bisibisi kwa ukubwa wake, toka ya kufungulia mlango hadi ya kufungulia saa. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta sita zimelala wazi, matumbo nje.

"Shikamoo, fundi," walisema watoto.

"Marahaba. Mgonjwa ni nani?"

Kaka alimweleza yote, tangu asilimia kumi na mbili. Fundi hakumkatiza. Kisha akaiunganisha na mtandao wa karakana, akajaribu kupakua. Ilifika kumi na nne ikasimama. Akachukua simu yake mwenyewe, akapakua kitu kikubwa kwa mtandao uleule. Kikaingia bila kusita.

"Basi tumefuta maswali mawili," alisema. "Kampuni haina kosa, ruta haina kosa. Ni humuhumu ndani. Ningeipa mtandao kwa waya, lakini tundu lake limeng'oka meno." Akavua miwani ya macho, akashusha ya kichwani. "Sasa nijibuni. Kabla haijaanza kukwama, kuna programu yoyote mpya iliyoingia?"

"Hapana, fundi," kaka alijibu mara moja. "Mimi siweki nisichokijua. Na kibao kisichosomeka kwa sauti husomewa na mdogo wangu, neno kwa neno. Hajawahi kuruka hata nukta."

Alisema hivyo kwa fahari. Chapuchapu alihisi masikio yakiwaka moto.

Fundi alivuta pumzi. "Kama hakuna kilichoingia, basi kazi ni ndefu. Inaweza kuwa kadi yenyewe ya mtandao inakufa. Inaweza kuwa virusi. Inaweza kuwa mfumo mzima. Nitapekua kimoja kimoja, na nina hawa sita mbele yako, wawili ni wa wodi ya watoto. Nikibahatika ni leo jioni. La sivyo, Jumatatu."

"Maktaba inazima saa sita," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna namna, fundi?"

"Mama, sitaki kukudanganya. Sijui nianzie wapi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika tano. Kaka alipapasa ukingo wa meza, akasimama, akainyoosha fimbo yake.

"Basi usijisumbue kukimbia, fundi," alisema. "Waangalie wa wodi kwanza. Vitabu nimevikosa. Nitasoma nilivyonavyo."

Mama alichukua mkoba wake. Kaka akanyoosha mkono wa kushoto, kama kawaida, ili Chapuchapu amshike kiwiko waondoke. Mkono ule ulining'inia hewani ukimsubiri.

Chapuchapu hakuushika.

"Kuna kitu kiliingia," alisema.

Wote waligeuka.

"Jumatatu. Kilikuja kibao. Kaka aliuliza kimeandikwa nini, na mimi... zamu yangu ya kamba ilikuwa inapita. Sikukisoma. Nilibofya kijani. Nikasema ni tangazo." Machozi yalianza kumwagika, lakini hakuacha kusema, kwa kuwa alijua akiacha hataanza tena. "Halafu ikatokea roketi nyekundu kwenye kona. Nikaitupa kwenye pipa la taka. Nilidhani imetoka."

"Jumatatu?" mama alisema. "Tangu Jumatatu unajua, na mimi nazunguka hapa na..." Hakumaliza. Alikaa kwenye kigoda.

Kaka alikuwa bado amenyoosha mkono. Aliushusha taratibu.

"Nilikuuliza kama umelisoma lote," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Ukasema lote."

"Ndiyo."

Fundi Miwani alikuwa amekwisha kuivuta kompyuta karibu, na vidole vyake vilikwenda kasi.

"Maneno mengine ya kibao unayakumbuka? Makubwa tu."

"Kompyuta yako ni nzito. Na roketi."

"Aha! Huyo namjua. Mjanja mkubwa, kaniletea wagonjwa wengi." Akageuza kioo ili Chapuchapu aone. "Njoo hapa, futa machozi uone. Ulitupa picha ya mlangoni tu, mwenye nyumba yumo ndani. Huyu hujidai anaharakisha kompyuta. Sasa sikiliza. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayoshika mtandao wa hewani. Kadi haijui lugha ya kompyuta, kwa hiyo kuna programu ndogo inayokaa katikati yao na kupokea mizigo. Sisi mafundi tunaiita draiva. Kila kadi na draiva yake. Roketi yako iliitoa draiva ya kadi hii, ikaweka ya kadi nyingine."

"Mbona barua pepe ziliingia?" kaka aliuliza.

"Kwa sababu barua ni mzigo mdogo. Ni kama kibarua mgeni sokoni: ukimpa kikapu kimoja anafikisha. Mshushie lori zima kwa mara moja, anachanganyikiwa, anasimama katikati ya njia, na nyuma yake hakuna kinachopita. Ndiyo hiyo thelathini na moja yenu."

Alifungua orodha ya vifaa, akaitafuta kadi ya mtandao. Pembeni mwa draiva palikuwa na tarehe ya Jumatatu. Aligonga hapo kwa ukucha. Akaitoa kwanza ile programu ya roketi, yote, si picha yake tu. Kisha akachagua kurudisha draiva ya awali. Kompyuta ilijizima, ikakaa giza muda ambao kwa watu wanne ulikuwa mrefu mno, ikawaka.

"Anza," fundi alimwambia kaka.

Saa tatu na robo. Kaka alibofya.

"Asilimia tano," alisema Bwana Mafua. "Asilimia tisa." Kumi na mbili ikapita. Kumi na tisa ikapita. Fundi alirudi kwa wagonjwa wake wa wodi, lakini sikio aliliacha pale. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili. Ilipofika ishirini na nane Chapuchapu alifumba macho.

"Asilimia thelathini." Kimya. "Asilimia thelathini na moja."

Kimya kikarefuka.

"Asilimia thelathini na tatu."

"Hee!" mama aliruka. "Hata thelathini na mbili ameisahau kwa haraka!"

Fundi alicheka kwa sauti, na kaka naye, kidogo. Chapuchapu hakucheka. Alikaa sakafuni karibu na mlango, akasikiliza namba zote mpaka mwisho. Saa nne na nusu na dakika chache Bwana Mafua alitangaza mia moja, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Vitabu vinne vilikuwa ndani.

Mama alipokuwa anaaga, Fundi Miwani alimwita Chapuchapu. Aliinama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Binti, kubofya vibaya si dhambi. Mimi mwenyewe nimechoma mashine za watu nikiwa najifunza. Na sikulaumu kwa kupenda kamba, maana ndio umri wake. Lakini kaka yako alikuazima imani yake. Unaposoma kwa niaba ya mtu, ukisema uongo ni kama umemwekea shimo njiani halafu ukamwambia apite. Hilo la kwanza." Akanyoosha kidole cha pili. "Na la pili: ulipojua umekosea, ungesema Jumanne, kazi hii ilikuwa ya robo saa. Uliponyamaza, watu watatu wamehangaika siku tatu wakitafuta gizani kitu ulichokishika wewe mkononi. Leo umesema, mbele ya mama yako na mbele yangu mimi mgeni, na si jambo dogo. Siku nyingine usingoje mpaka mtu akate tamaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi."

"Nenda. Na ukisoma kitu, kisome chote, hata herufi za sisimizi. Matapeli hupenda kujificha humo."

Nje jua lilikuwa limepanda. Chapuchapu alisimama kando ya kaka bila kujua kama amshike au asimshike.

"Kaka, nisamehe."

Kaka aligeukia upande wake. "Nimekusamehe, Chapu. Lakini nikuambie ukweli, kwa muda fulani nitakuuliza kila kitu mara mbili."

"Niulize hata mara kumi."

"Mara kumi nitafeli mtihani kabla hujamaliza kujibu." Akanyoosha mkono. "Twende. Nina vitabu vinne, na wenzangu wako sura ya tano."

Chapuchapu alimshika kiwiko, nao wakafuata ukingo wa barabara kwa mwendo wa kaka, mama akiwa nyuma yao. Walipofika kwenye benchi la kwanza lenye kivuli kaka hakuweza kungoja kufika nyumbani. Alikaa, akaifungua kompyuta mapajani, akavaa hedifoni, na kabla mama hajawafikia midomo yake ilikuwa imeanza kufuatisha sura ya kwanza.